Mvua ya Ndani

"Mvua ya ndani!" Dominiko alipaza sauti kutoka ng'ambo ya barabara, kijiti cha meno kikicheza mdomoni. "Jamani, njooni muone! Mama Halidi anaingiza mvua ndani ya nyumba, kama vile ya masika haimtoshi!"

"Afadhali mimi ninayeingiza maji," nikamjibu, mikono kiunoni, "kuliko wewe na ndoo zako za mchanga wa kuzimia moto pale mlangoni. Paka wa mtaa mzima wamezifanya choo."

Watu wakacheka. Dominiko naye akacheka, tena kuwashinda wote, na hapo ndipo aliponiudhi. Jirani akikasirika unajua umempata. Akicheka na umati, umati ni wake.

"Mama Halidi, mimi ni mtu wa Mgeta. Nimekulia kwenye matuta ya kabichi. Vinyunyizio nimevijua wewe hujajua hata kushika mwiko. Ukifungua koki moja vinazunguka vyote, toka juu mpaka bondeni, hakibaki kipande kikavu. Sasa unavifunga juu ya vitenge vya watu! Mpishi wako akiunguza maharage, ghorofa zima linaoga." Akawageukia wapangaji wangu waliosimama barazani. "Kwangu vyumba vipo. Na ni vikavu."

Kati ya wale waliosimama, mmoja tu hakucheka. Sabra alikuwa ameinua uso, akiyatazama mabomba mekundu ambayo mafundi walikuwa wakiyapandisha ngazini, na macho yake yalikuwa ya mtu anayesoma habari ya msiba.

Sabra si mpangaji tu. Kabla sijawa na ghorofa, kabla hata ya mgahawa, tulikuwa na mabanda yaliyopakana nyuma ya soko, mimi na karai langu la vitumbua, yeye na cherehani yake. Ukuta wetu ulikuwa bati moja. Tulisengenya kupitia tundu la msumari, kutwa kucha, na mkono haukusimama. Halafu siku moja, jua la mchana likiwa utosini, cheche iliruka kutoka kwenye pasi ya mkaa, sijui ya nani, na upepo ulikuwa unashuka kutoka Uluguru. Tulipeana ndoo mkono kwa mkono. Yale maji yalikuwa kama kumtemea mate simba. Sabra alitaka kurudi ndani kuifuata cherehani. Tukamshika kanga, tukamshika nywele, tukamwangusha chini. Moto ulipokwisha alikuwa ameketi kwenye jiwe na mkasi mkononi, mkasi ule ule aliotoka nao. Alikuwa anaufungua na kuufunga. Hapakuwa na cha kukata.

Sauti ile ya mkasi nimejenga nayo. Vitumbua vikazaa mgahawa, mgahawa ukazaa upishi wa harusi, na harusi za Morogoro, nashukuru, haziishi. Ghorofa lilipoanza kusimama, chini mgahawa, juu maduka na mafundi nguo, chumba cha kwanza kabisa ngazini, chenye dirisha linalotazama mlima, nilimpa Sabra kabla hakijatiwa mlango.

Kwa hiyo suala la moto sikumwachia mtu. Wauzaji walikuja. Wa kwanza, kijana wa tai, alitaka kuniuzia mtungi mmoja wa kuzimia moto kila ghorofa na kibandiko cha kuonyesha njia ya kukimbilia. "Hapo umemaliza, mama." Nikamuuliza, watu wakifunga maduka wakaenda kulala, mtungi utashikwa na nani? Akaitazama simu yake. Wa pili alinisifia gesi inayofukuza hewa chumbani mpaka moto unakata roho. Nikamwambia sawa, na wateja wangu watavuta nini?

Wa tatu alikuwa injinia Catherine, binti mdogo mwenye vumbi la saiti kwenye viatu. Akaniamkia shikamoo, akaomba kuanzia jikoni, na nilipomsogezea sahani ya wali alikula kwanza, maneno baadaye. Hapo nikajua nitasikilizana naye. Aliponawa akatoa begini kidude cha shaba, katikati yake kimeshikiliwa na kichupa cha kioo chenye maji mekundu, kidogo kama kidonge.

"Hiki ndicho mlinzi, mama. Kinakaa darini. Joto la moto likikifikia, kioo kinapasuka na maji yanashuka pale pale. Moshi hakiujali. Na mwenzake wa chumba cha pili anaendelea kulala, hana habari."

"Na jikoni kwangu? Kule kuna joto kila siku."

"Jikoni tunaweka cha kijani, kinavumilia zaidi. Ila mafuta yakishika moto kwenye karai..."

"Maji hayaruhusiwi," nikamalizia, nikamwonyesha kovu la mkononi. Akacheka. Kwa ajili ya mafuta tukachagua blanketi la moto na mtungi wake maalumu. Mitungi mingine nayo ibaki, akasema, kwa moto mdogo na mtu aliye macho. Na kwa kuwa bomba la mji lina siku zake za kununa, tukakubaliana tangi la peke yake juu ya paa, lisiguswe hata kwa kupigia deki, pamoja na pampu na jenereta yake. Nilichagua kama ninavyochagua mchele wa harusi, kwa kutafuna punje.

Hayo yote Dominiko aliyazika kwa maneno matatu. Mvua ya ndani. Kufikia alasiri yalikuwa yameshafika sokoni, kwa wauza mitumba, mpaka kijiwe cha bodaboda. Jioni ile Sabra akashuka mgahawani, akakaa kwenye kiti cha pembeni ambacho si chake.

"Shoga, mimi nahamia kwa Dominiko."

Nikamweleza kichupa, nikamweleza joto na moshi, nikamweleza binti Catherine alivyosema. Nina mdomo mimi. Nimeshawahi kupatanisha mawifi msibani. Sabra alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima.

"Moto ulinichukulia mara moja, Raya. Sitaki maji nayo yanichukulie." Akasimama. "Mvua si mvua tu? Mvua haichagui."

Nikaelewa nilikuwa nagombana na nini. Sikuwa nagombana na Dominiko, nilikuwa nagombana na neno, na neno halijibiwi kwa neno. Asubuhi nikasimama katikati ya barabara, nikamwita Dominiko kwa jina la mwanawe.

"Baba Fidelis! Jumamosi, baada ya alasiri, uwanja wangu wa nyuma. Vaa suti yako ya kanisani. Utakaa chini ya mvua yangu, na mimi nitakaa."

"Nikilowa?"

"Ukilowa, nang'oa mabomba yote mbele ya mtaa huu. Na Sabra mwenyewe nitakubebea mizigo yake mpaka kwako."

Mtaa ukashangilia kama umefunga goli.

Catherine na mafundi wake walisimamisha banda refu la mabati, pande zote maturubai, mbele wazi. Juu wakapitisha bomba moja, na vile vidude vikining'inia kimoja huku, kimoja kati, kimoja kule mwisho. Chini ya cha kwanza tukarundika mabaki ya vitambaa vya mafundi nguo. Dominiko, kwa majivuno, akaongeza matenga makuukuu ya nyanya kutoka kwenye lori lake. "Lisije likasemwa nilikunyima moto," akasema.

Watu walijaa kuliko maulidi. Nilikuwa nimepika pilau, maana sijui kukusanya watu bila pilau, na wengine walikuja kwa harufu tu. Nilivaa gauni la harusi ya Halidi. Nywele zilikuwa zimetoka saluni asubuhi ile, na piko ilikuwa mbichi viganjani. Nikakaa chini ya kidude cha kati, nikaweka mikono magotini, viganja juu, kama biharusi. Dominiko akaja na suti ya kijivu, akakaa chini ya kile cha mwisho, akaweka miguu sawa. Halafu, bila kumtazama mtu, akatoa mwamvuli mweusi kwapani na kuufungua.

Uwanja ulivunjika kwa kicheko. Simu zote zikainuka. Hata mimi nilijikaza nisicheke, piko isije ikachafuka.

Fundi akawasha. Moto ulianza kwa uvivu, ukalamba vitambaa, kisha ukayakuta matenga na ukapata kauli. Moshi ukapanda, ukatanda chini ya mabati, ukashuka usoni kwetu. Nikakohoa.

"Moshi huo hapo!" Dominiko akapiga kelele chini ya mwamvuli. "Mvua iko wapi? Kumbe hata kunyesha haijui!"

Kicheko kikahama, kikanigeukia mimi. Nilimtafuta Sabra kwenye umati nikamwona mbele kabisa, mkono umefunika mdomo, macho kwenye ndimi za moto. Hakuwa Morogoro ya siku ile. Alikuwa kwenye mabanda. Nikatamani kuinuka nimwondoe, lakini ningeinuka ningekuwa nimekubali kushindwa. Nikakaa. Joto lilinipiga shavuni. Nikasema moyoni, kioo, mwanangu, usinitie aibu.

Tak.

Sauti ndogo, kama mtu amevunja kijiti. Kisha maji yakafunguka kama kanga inayokung'utwa, yakashuka juu ya yale matenga kwa kishindo, moto ukanywea, ukaguna, ukawa mvuke mweupe. Matone machache yakarukia ncha za vidole vyangu vya miguu. Basi. Nikainua uso. Kichupa changu kilikuwa pale pale, chekundu, kizima, kimenikazia jicho. Kule mwisho, Dominiko alikuwa amejikunyata chini ya mwamvuli wake, na juu ya mwamvuli hapakuwa na hata unyevu.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo ninalojivunia kuliko makofi yaliyofuata.

Sabra akatoka kwenye umati. Akayapita majivu yanayotiririka maji, akanipita mimi, akafika kwa Dominiko. Akainua mkono, akaushika ule mwamvuli, na kwa upole, kama mtu anayemvua mgonjwa shati, akaukunja. Akamrudishia. Kisha akavuta stuli, akakaa pale pale chini ya kile kichupa cha mwisho, akatazama juu, akakaa tu.

Mbele ya jengo langu nimeandikisha kwa herufi za dhahabu, Raya Plaza. Hakuna anayelisoma. Panda bodaboda stendi ya Msamvu sasa hivi, mwambie akupeleke Nyumba ya Mvua, atakufikisha mlangoni, na njiani atakusimulia habari za mwamvuli. Vyumba vimejaa. Cherehani ya Sabra naisikia juu ya dari yangu kutwa nzima, na mkasi wake una cha kukata.

Ila siku ile bado ilikuwa na jioni yake. Majamvi yalikuwa yametandikwa, sinia zimezungukwa, Catherine yuko kati ya akina mama anafundishwa kumenya chungwa bila ganda kukatika. Nikasikia hodi. Dominiko alisimama kizingitini na suti yake, mwamvuli umefungwa kwapani.

"Mama Halidi." Akakohoa. "Yule binti injinia bado yupo?"

"Yupo, anakula."

"Nilitaka kumuuliza kitu. Kwangu kule juu, vile vyumba... na ghala nyuma..."

Matonge yalikuwa yameishia hewani, mtaa mzima unangoja nitakachosema, na Mungu anajua nilikuwa nacho, kimekaa tayari kwenye ncha ya ulimi tangu siku ya paka na mchanga. Sabra alinitazama. Nikatazama chini, viatu vya Dominiko vya kanisani, vilivyong'arishwa, vikavu.

"Baba Fidelis," nikasema, nikisogea kumpisha nafasi kando yangu. "Vua viatu uingie. Pilau inapoa."