Jumapili ya Kutawadhana Miguu

Mimi nina mdomo. Marehemu mume wangu alikuwa akisema ningezaliwa bubu tungekuwa na marafiki. Mdomo huo ndio uliompeleka Magesa kizuizini mwaka 1983, kisha kwa mwaka mmoja na miezi tisa ukafungwa kama umeshonwa.

Ilikuwa hivi. Nchi nzima haikuwa na sabuni. Hapa Mugango tulifulia majani ya mpapai, na watoto wangu walikuwa na upele hadi masikioni. Nikaenda kwa Boke, mama Nyamhanga, mke wa Magesa, jirani yangu, nikaomba kipande tu. Akanijibu, "Sina, Dorkas." Anasema hana, na mimi naisikia harufu ya sabuni, jamani! Alikuwa amekaa mbele ya kihenge cha mtama kama kuku anayeatamia. Nilitoka pale na hasira, na nilipomkuta balozi wa nyumba kumi njiani nikamwambia akachungulie ndani ya kile kihenge.

Nilidhani watamnyang'anya tu, apate aibu. Sikujua kwamba wiki ile ile serikali ilikuwa imeanza kuwakamata wahujumu uchumi. Walikuja na gari, wakatoa katoni tatu chini ya mtama, wakaondoka na Magesa. Alikaa ndani miezi minane huko Musoma. Alirudi na kikohozi ambacho hakijapona, na kasia hawezi kulishika tena. Leo sabuni imepangwa mpaka darini katika duka la Hasani, unanunua mchana kweupe na hakuna anayekuuliza.

Kijiji kilimtafuta aliyesema, kikamwangukia Hyasinta. Sababu? Alizaliwa Mkatoliki kule Nyamuswa, akaolewa kwetu sisi Wamennonite, na siku ile alionekana akisalimiana na balozi. Kosa lake lilikuwa adabu. Nami nikanyamaza. Kila wiki nilijiambia nitasema wiki ijayo.

Kwetu, kabla ya Meza ya Bwana, tunatawadhana miguu. Wanawake upande wao, wanaume upande wao, wawili wawili, kwa beseni na taulo. Unamwosha mwenzako, naye anakuosha, kisha mnakumbatiana. Asiye na amani na mwenzake hali mkate. Hafukuzwi na mtu, anatoka mwenyewe. Boke alikuwa akitoka kila mara tangu mumewe akamatwe, kwa kuwa hakuwa na amani na Hyasinta. Mimi nilikula kila mara.

Mwishoni mwa 1984 mchungaji wetu, Enoka, alipita nyumba kwa nyumba akiuliza kama tunaumaliza mwaka vizuri. Kwangu alifika Ijumaa.

"Dorkas, una amani na watu wote?"

"Ninayo, mchungaji."

Jibu lilitoka laini kama samli. Ndipo akaniambia kwa furaha kwamba Jumapili Boke atarudi Mezani, kwa kuwa Hyasinta amekubali kumwomba radhi mbele ya akina mama. Nilimwaga chai nusu kikombe mapajani.

Jumamosi nilimfuata Hyasinta ufukweni. Alikuwa anaanika dagaa.

"Utaombaje radhi kwa kitu hujafanya?" nikamuuliza.

Mkono wake ukasimama. "Umejuaje sijafanya?"

Nikainamia dagaa. "Nakujua tabia yako tu."

"Basi uko peke yako." Akarudi kwenye dagaa zake. "Nimechoka, dada. Nikifikaga kisimani wanabeba ndoo wanaondoka. Binti yangu amekosa mchumba kwa hii maneno. Nitasema ni mimi, mwaka uishe."

"Umdanganye Mungu kanisani?"

"Mungu anajuaga. Ni nyie ndio hamjui."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Nikamsaidia kugeuza dagaa, nikaenda zangu. Njia nzima niliomba nipate malaria.

Malaria haikuja. Jumapili nikakaa benchi la mwisho karibu na mlango, kando ya bibi Dafroza asiyesikia, ili tuoshane sisi kwa sisi yaishe. Beseni zikaanza kupita. Mbele, Hyasinta akapiga magoti, akaweka beseni miguuni pa Boke. Akina mama wote waliacha kuimba, mmoja mmoja. Nilijiambia, nyamaza tu, dakika moja na mambo yamekwisha, wewe mwenyewe hukumtuma.

"Mama Nyamhanga," Hyasinta akaanza, "lile jambo la sabuni, ni mimi..."

"Siyo yeye!" Nilikuwa nimesimama na sijui nilisimama saa ngapi. "Ni mimi niliyemwambia balozi. Hyasinta hajui lolote."

Upande wa wanaume mtu mmoja akakohoa, na sote tulijua ni nani.

Boke hakupiga kelele. "Kwa nini?"

"Uliniambia huna sabuni."

"Ilikuwa ya kugawa Pasaka," akasema. "Magesa aliibadilisha na samaki huko Kenya kwa ajili ya kanisa lote. Tulipanga tusimwambie mtu mpaka siku yenyewe. Polisi walimuuliza ni ya nani, akasema ni yake, wasije wakamchukua na mchungaji." "Na kipande chako kilikuwemo, Dorkas. Nilikikata kikubwa, kwa sababu ya upele wa watoto wako."

Nikaanza kusema nisamehe. Akainua kiganja, nikakoma. Kisha akamwinua Hyasinta, akamkalisha benchi, akapiga magoti yeye. Alimwosha miguu akilia, akimwambia, "Nilikunyima salamu bure, mwenzangu. Nilikunyima bure." Walikumbatiana mpaka maji yakamwagika.

Mimi nikatoka. Hakuna aliyenifukuza. Nikakaa kwenye ngazi za nje, nikisubiri mbingu inidondokee. Haikudondoka, jua lilikuwa linawaka tu.

Mara mlango ukafunguliwa, Boke akatoka na kandambili mkononi, miguu bado ina maji. Nilidhani anakuja kunipiga, na kusema kweli ningeshukuru.

"Rudi ndani," nikamwambia. "Mkate bado."

"Nitakulaje? Leo nilikuja kula. Nimefua gauni, nimefunga tangu jana. Halafu wewe ukasimama." Akazitupa kandambili chini. "Siwezi kukusamehe, na bila hivyo siwezi kula. Umeninyima tena."

Hilo sikulifikiria. Nilikuwa nimeogopa aibu yangu, kumbe nimemtoa na yeye. Nikainuka. Nikamwambia nitahama, nitaenda kwa kaka yangu Bunda, kesho asubuhi na mapema, asinione tena mwaka mpya wala mwingine wowote.

Boke akakaa kwenye ngazi, mwisho kabisa upande wa pili, akanigeuzia mgongo.

"Bunda ufanye nini? Kaa hapo. Mchungaji akigawaga mkate anachelewa. Nikiweza kukusamehe, nisianze kukutafuta."

Nikakaa. Ndani Enoka alianza kuumega mkate, na sisi wawili tulikuwa tunasikiliza.