Amana ya Paka Watatu

Watu wa Kitale wakichoka na paka hawajiulizi mara mbili. Wanamtia kwenye gunia na kulitupa nyuma ya msikiti, kwa kuwa hapo ndipo Mulki anapopika chapati, na Mulki, wanasema, hana kazi. Kazi anayo tele, ila ana moyo, na mwenye moyo mji huu haumwachi apumzike. Mwaka huo wa 2006 alishaokota paka kumi na mmoja. Aliokota hata mbwa aliyegongwa na pikipiki, akamfunga mguu kwa vijiti na kanga kuukuu, kisha akaenda kunawa mara saba, maana dini ni dini.

Hakumpa mtu mnyama hivihivi. Ulipokuja kuomba paka alikukalisha kwanza kwenye benchi, akakuhadithia yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha akajitafutie. Kisha ulitakiwa useme mbele ya shahidi, "Nimepokea amana." Wengi walicheka, lakini walisema.

Tarsem hakucheka. Alikuwa na stoo ya mahindi Bungoma, karibu na reli, na panya walikuwa wanamla kuliko wateja. Alivua viatu kana kwamba kibanda cha chapati ni nyumba ya ibada, akasema maneno ya amana polepole, akaondoka na watatu: Zabibu, Kadogo na Mwarabu. Mlinzi wake, Eliakim, alichukua yule mbwa. Zabibu alikuwa na jicho moja. Mulki alikuwa amemlea kwa maziwa ya kudondosha kwa kitambaa, na siku hiyo alijifanya ana moshi machoni.

Miezi miwili baadaye Ndung'u, muuza dawa ya panya pale sokoni, alikuja kula maharagwe akiwa amefurahi kupita kiasi.

"Leo sina hata pakiti moja, mama. Katoni mbili nimepeleka Bungoma juzi, kwa yule Mhindi wa kilemba. Ati panya wamemshinda kabisa."

Mkono wa Mulki ulisimama juu ya kikaango.

"Yupi? Wa karibu na reli?"

"Huyo huyo. Si unamjua?"

"Na paka akila panya aliyekula hiyo dawa?"

Ndung'u aliacha kutafuna. "Anaenda pia, mama. Hiyo kitu haichagui."

Chapati iliungua mpaka wateja wakakohoa. Mulki alipiga simu ya Tarsem mara tano, na mara tano akaambiwa na sauti ya yule dada kwamba mteja hapatikani kwa sasa. Aliacha jiko likiwaka, akamwachia Ndung'u kibanda bila kumuuliza kama anajua kupika, akapanda gari la Bungoma. Alipofika Kamukuywa, katikati ya njia, alikuwa ameshamlaani Tarsem kwa lugha tatu.

Langoni alimkuta mbwa amenenepa hadi shingo imepotea, amelala kwenye kivuli. Eliakim alisimama haraka.

"Karibu mama. Habari ya Kitare?"

"Paka wangu wako wapi?"

Eliakim alitazama buti zake. Mlango wa stoo ulikuwa wazi, na kando yake panya waliokufa walikuwa wamelundikwa kwenye koleo, ishirini au zaidi, huku punje za dawa za rangi ya buluu zikiwa zimetapakaa chini ya magunia.

"Wawili walitorewa hapa," Eliakim alisema. "Mmoja... kuja uone."

Nyuma ya stoo kulikuwa na tuta dogo la udongo, limezungushiwa matofali. Hakuhitaji kuambiwa ni nani. Aliuliza hata hivyo.

"Yule wa jicho moja," alisema Eliakim. "Mdosi wangu alichimba mwenyewe. Alikataa nimsaidie."

Tarsem alifika wakati huo, amevaa ndara, na alipomwona Mulki alisimama mbali kama mshtakiwa. Mulki hakumpa nafasi hata ya salamu.

"Nilikupa amana, Bwana Tarsem. Ukasema kwa mdomo wako. Halafu unaweka sumu?"

"Sumu ilikuwa ya zamani, mama, kabla ya paka. Nilifagia, lakini nyingine ilibaki nyuma ya magunia. Zabibu akala panya. Wale wawili nikawapeleka nyumbani siku hiyo hiyo, na tangu hapo stoo haina paka. Panya wakazidi. Ndiyo nikanunua hii mpya." "Niliogopa kukupigia. Nikiona jina lako, nazima simu."

"Uongo. Paka aliyeshiba hali panya wa kuokota. Anamchezea tu, anamwacha. Ulikuwa humlishi."

"Sikuwa namlisha."

Mulki alitarajia abishe.

"Kwa nini? Nani alikwambia uwanyime chakula?"

Tarsem alimtazama kwa mshangao wa kweli, bila hata chembe ya ubishi.

"Si wewe, mama? Ulisema nisiwape kitu. Ulisema paka akishiba ameharibika, hatashika panya."

Ni kweli alisema. Alimwambia yeye na alimwambia kila mtu, kwa sababu hakuna anayetaka paka wa bure asiye na kazi, na yeye alitaka sana wapate kwao. Alikuwa akimaliza hadithi ya yule mwanamke wa motoni, akivuta pumzi, kisha akisema hayo kwenye benchi lile lile. Hakuwahi kuyasikia maneno yake mwenyewe hadi leo. Aliketi kwenye matofali ya kaburi, akaruka upesi alipojua ameketi wapi.

Nyumba ya Tarsem ilikuwa hatua chache tu. Mama yake, kikongwe mwenye shungi jeupe, alikuwa kitandani barazani, Kadogo mapajani, Mwarabu mgongoni kwenye mto, wote wawili wakinuka samli. Tarsem alimweleza kwa Kipunjabi mgeni ni nani. Kikongwe alimtoa Kadogo mapajani, akamnyanyua kwa mikono miwili, akamnyooshea Mulki. Hakubishana. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi.

"Amesema amana ina mwenyewe," alisema Tarsem. "Ukitaka kuwachukua, wachukue."

Mulki alimpokea Kadogo. Alikuwa mzito. Alimshika kidogo, akanusa kichwa chake, kisha akamrudisha pale pale mapajani, naye mwenyewe akaanza kulia mbele ya watu asiowajua.

Kikongwe aliuliza jambo.

"Anauliza kama anakosea," Tarsem alisema. "Anawapa chapati na maziwa asubuhi na jioni. Anauliza wewe unasema wale nini."

Mulki alijifuta machozi kwa kiganja.

"Mwambie awashibishe," alisema.