Barakoa Nzima

Mpira wa kupulizia mchanga ukikuponyoka hauanguki chini, unaruka. Siku ile ulimponyoka Kitinda wakati kikohozi kilipomkunja. Ulizunguka hewani kama nyoka aliyekatwa kichwa, ukamlamba mgongo wa mkono na kuondoka na ngozi kabla damu haijapata habari. Dada yake aliuwahi, akaukanyaga, akafunga koki.

"Simama," alimwambia. "Simama kabla Mjomba hajafika."

Mjomba alikuwa ameshafika. Hakuwa mjomba wa mtu yeyote pale. Ni jina tu walilompa msimamizi wao, maana aliwapiga kama watoto wa dada yake aliotupiwa kuwalea. Alitembea na kipande cha mpira wa aina ileile, wenye waya ndani. Alimchapa Kitinda mabegani, bila hasira, kama mtu anayekung'uta mkeka.

"Umechafua jinzi."

"Nimeumia, Mjomba."

"Nimeona. Nimekwambia umechafua jinzi."

Kitinda alikuwa mwanamume mzima, mrefu, mwenye mke na ndevu, lakini kwa dada yake alibaki kitindamimba, na karakana nzima ikamwita hivyo. Dada huyo naye akawa Dada wa wote. Kazi yao ilikuwa kuchakaza suruali mpya: kuzipuliza mchanga mapajani mpaka zipauke, kisha kuzitoboa magotini, ili mtu ambaye hajawahi kupiga goti kusugua sakafu aonekane amelipiga miaka.

"Umaskini wetu wameupenda," alikuwa akisema Mama Zipu, mshonaji wa zipu. "Ila wanauchukua magotini tu. Wa tumboni wametuachia."

Walicheka huku wamejifunga matambara mdomoni. Tambara halikuzuia kitu. Vumbi la mchanga ule lilikuwa jembamba kuliko unga, na likishaingia kifuani halina safari ya kurudi. Kitinda alikuwa ameanza kulala amekaa, mkewe akimshikilia mgongo, na pumzi yake ilisikika hadi chumba cha pili, alikolala Dada akiwa macho. Ni Dada aliyemwombea kazi hii. Hilo hakuna aliyemkumbusha, na wala hakuhitaji kukumbushwa.

Mchana huohuo Mjomba aliburuta sanduku hadi katikati ya karakana, akalipasua kwa kisu. Ndani mlikuwa na barakoa. Barakoa kweli, za mpira mzito, zenye vichujio viwili vyeupe mashavuni. Mtu mmoja alipiga kofi la furaha. Dada alimtazama Kitinda, na kwa mara ya kwanza tangu mvua za mwaka uliopita alihisi kitu kinamlegea kifuani.

"Hakuna kuvaa," alisema Mjomba. "Wageni wanakuja kesho. Mnajua kilichotokea kwa jirani? Mnunuzi alikuta barakoa zimetolewa mfukoni asubuhi hiyohiyo, bado zinanukia duka. Akafuta oda, akaenda zake. Muulizeni Mama Zipu alikula nini baada ya hapo."

Mama Zipu aliinamia cherehani yake. Alitokea huko kwa jirani, na huko ndiko alikomzika mwanawe wa mwisho.

"Kwa hiyo hizi ziwe za zamani," Mjomba aliendelea. "Zionekane mmezivaa kila siku. Nyinyi si mabingwa? Zichakazeni."

Kijana mmoja wa kwenye pasi alicheka, akidhani ni mzaha. Kipande cha mpira kilimpata mdomoni, akatema meno yake kiganjani, na wengine wote wakainuka kwenda kuchukua mipira ya mchanga.

Dada ndiye aliyekuwa na mkono mzuri kuliko wote, kwa hiyo nyingi aliletewa yeye. Alizipuliza moja moja hadi mng'ao ukafa. Aliikwaruza mikanda kwa msasa, akaisaga chini ya kisigino. Vichujio havikustahimili. Mchanga uliviingia, ukavichana, ukavijaza, na barakoa ikatoka inafanana kabisa na kitu kilichookoa pumzi ya mtu miaka mingi, wakati sasa isingeweza kuzuia hata moshi wa sigara. Alikuwa anaua vitu ambavyo angeviiba kwa furaha.

Moja hakuipuliza. Aliipaka grisi juujuu, akaifikicha mikanda, akaacha vichujio vizima.

"Hii yako," alimnong'oneza Kitinda. "Wageni wakiondoka, itie ndani ya shati. Mjomba akiuliza, nitasema iliniharibikia."

"Na wewe, Dada?"

"Mimi nina mapafu ya ng'ombe. Shika."

Mnunuzi alikuja asubuhi, mwanamke mpole, anayesalimia kila mtu kwa mkono. Alikuwa amevaa suruali yenye magoti wazi. Alijitahidi kuongea nao kwa lugha yao, taratibu, bila kumdharau mtu. Mashine zilikuwa zimezimwa ili asikike. Alizikagua barakoa kwa kuzishika, akaona mikanda iliyochoka na mpira uliopauka, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha akafika kwa Kitinda.

"Hii vichujio vyake ni vyeupe," alisema. "Kaka, umeanza lini kazi?"

Kitinda alijibu kama walivyofundishwa. "Zamani, mama." Kikohozi kikamkunja.

"Basi mbona barakoa yako ni mpya?"

Mjomba ndiye aliyeokota neno haraka.

"Huyu mkaidi, mama. Havai. Tunamsema kila siku mpaka tumechoka. Si unaona anavyokohoa?"

"Kwa nini huvai, kaka?"

Kitinda alimtazama dada yake, akamtazama Mama Zipu, akatazama chini. "Nasahau," alisema.

"Afya yako haina mbadala." Mnunuzi alimgusa bega, palepale palipovimba. Kisha akamgeukia Mjomba. "Mtu mmoja kama huyu anahatarisha oda nzima. Kanuni hizi tumeziweka kwa ajili yao. Lazima zisimamiwe."

"Tutamsimamia, mama," alisema Mjomba.

Baadaye Dada aliitwa ofisini. Alimkuta bosi, mwenye karakana, ameketi, ametabasamu kama mtu anayeumwa jino, na mnunuzi akiwa na suruali ya mfano mapajani.

"Karakana imepita," mnunuzi alikuwa akimwambia bosi. "Ila bei ishuke kidogo, na mzigo utoke mapema zaidi. Wengine wako tayari, mnajua."

"Barakoa nazo zinataka hela," alisema bosi.

"Barakoa ni wajibu, haziwezi kuingizwa kwenye bei." Kisha akamwona Dada, uso ukamng'aa. "Ni wewe uliyetoboa goti hili? Nilitaka nikushukuru mwenyewe. Suruali inaonekana ya mtu aliyeishi."

Hapo ndipo mashine ya upepo, ile inayosukuma mchanga, ilipounguruma nje. Dada aligeuza kichwa mlangoni. Watu wote walikuwa wamepewa ruhusa ya chai, mipira yote ilikuwa imetundikwa ukutani. Mashine ilikuwa ikifanya kelele tu, za kufunika sauti nyingine.

"Wameanza kazi tena?" aliuliza mnunuzi.

"Hawa hawapendi kukaa bure," alisema bosi.

"Wanampiga mdogo wangu," alisema Dada.

Maneno yalimtoka kabla hajayapima. Tabasamu la bosi lilibaki pale pale, bila mwenyewe. Mnunuzi aliweka suruali mezani polepole.

"Dada, nisikilize vizuri. Sisi hatununui mahali watu wanapopigwa. Tumewaahidi wateja wetu. Ukiniambia ni kweli, nafuta oda sasa hivi na kuondoka. Ni kweli?"

"Ukiondoka, yeye utamwacha na nani?"

"Ni kweli au si kweli?"

"Njoo uone. Ni hapo tu, nyuma ya ukuta. Twende."

Mnunuzi hakuinuka. "Nikienda nikaona," alisema kwa sauti ya chini, kama anayeomba, "sitakuwa na njia nyingine."

Mlangoni walikuwa wamejaa wengine, vikombe mikononi. Mama Zipu alikuwa mbele yao. Alitikisa kichwa kumkataza, mara moja, macho yamemjaa maji. Nyuma yake yule kijana wa pasi alikuwa amefunga mdomo kwa tambara lenye damu, naye akatikisa kichwa.

Kitu kizito kiligonga ukuta wa ofisi kwa upande wa nje. Kalenda ikacheza kwenye msumari wake.

"Nimechanganyikiwa, mama," alisema Dada. "Ni mashine."

Mnunuzi alishusha pumzi ndefu. Uso wake ulikuwa na shukrani ya kweli. "Nimefurahi sana kusikia hivyo," alisema, akachukua kalamu.

Nje mashine ilizimwa ghafla, kimya kikaingia hadi masikio yakauma. Dada alisimama akisubiri kikohozi cha mdogo wake, kilekile alichokuwa akikichukia usiku kucha. Mnunuzi aliinua suruali kwenye mwanga wa dirisha, akapenyeza vidole kwenye tundu la goti, akavichezesha.

"Zote ziwe hivi," alisema.

Dada alikuwa bado anasikiliza.