Mpima Mvua wa Kathiani

Swali lilikuwa la nne kwenye karatasi ya kazi ya likizo, na Wendy alilisoma kwa sauti huku mdomo umejaa mkate.

"Mzazi wako alitaka kuwa nani alipokuwa na umri wako, na leo anafanya kazi gani?"

Kasyoka, mama yake, alikuwa anakata sukuma wiki, na jibu alikuwa nalo tayari. Kwa miaka mingi alikuwa amewaambia watu kwamba alitaka kuwa daktari, alama zikapungua kidogo, akasomea famasia, na sasa anafanya kazi katika duka la dawa mjini Machakos. Ni jibu linaloeleweka na watu hulipokea bila maswali. Lakini jioni hiyo kisu kilisimama juu ya majani.

"Andika mpima mvua," alisema.

"Mpima nini?"

"Mvua. Kathiani, pale nilisomea, kulikuwa na mzee anaitwa Nzau. Shamba lake lilipakana na shule. Kila siku saa tatu asubuhi alikuwa anatoka na koti lake la kaki, anaingia kwa kiua, kaeneo kadogo kamezungushiwa waya, anafungua mkebe wa shaba, anamimina maji kwa gilasi nyembamba, anaangalia, anaandika. Mimi nilikuwa nakaa dirishani. Nilitaka hiyo kazi."

Wendy alikuwa gredi ya sita na hakuwa mtoto wa kuridhika haraka. "Hiyo ni kazi?"

"Ilikuwa kazi yake."

"Nani alikuwa anamlipa?"

Kasyoka aliendelea kukata majani. Hakujua. Alikuwa na miaka thelathini na tisa na hakuwahi kujiuliza. Wendy aliandika "mpima mvua", akaweka alama ya kuuliza pembeni, akaenda swali la tano.

Usiku Kasyoka alikumbuka jambo jingine. Akiwa darasa la nne, mwalimu wao Musembi aliwasimamisha mmoja mmoja waseme watakuwa nani. Yeye alisema mpima mvua. Darasa lilicheka, lakini si kicheko kilichomuuma. Kilichobaki kichwani ni vile mwalimu alivyosema kwa upole, kama anayemsaidia: "Chagua kazi ya kweli, Kasyoka." Akatazama ukutani, akaona picha ya mtu mwenye kipimo cha moyo shingoni, akasema daktari. Mwalimu akaandika. Tangu hapo alikuwa mtoto anayetaka kuwa daktari, na baada ya muda mwenyewe akaamini.

Wikendi hiyo, likizo ya Agosti ikiwa imeanza, alimpeleka Wendy kwa nyanya yake Kathiani. Chai ilipokwisha kumiminwa, Kasyoka aliuliza kama kwa kupita tu: "Mama, yule Nzau wa mkebe, alikuwa ameandikwa kazi na nani?"

"Serikali," mama yake alisema. "Si ulikuwa unaona koti?"

Mjombake, aliyekuwa akimenya maboga mlangoni, alikataa. Nzau alikuwa mtu wa kanisa, alisema. Mkebe uliletwa na mapadri. Jirani aliyekuja kuomba chumvi alikuwa na lake: Nzau alikuwa na pensheni ya jeshi, na mvua ilikuwa ni kitu cha kujishughulisha nacho. Wote watatu waliishi umbali wa dakika tano kutoka kwake kwa miaka thelathini. Kila mmoja alikuwa na hakika, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Kwani unataka kumdai nini?" mama yake aliuliza. "Amekufa mwaka wa tisa huu."

"Nataka kujua tu."

"Basi nenda kwa Kanini. Yeye ndiye alibaki hapo."

Kanini alikuwa binti ya Nzau, mwanamke wa miaka sitini hivi, mwenye mashine ya kusaga unga sokoni. Kasyoka alimkuta nyumbani, nywele zikiwa bado na vumbi jeupe, anapepeta maharagwe. Alimsalimu, akajieleza ni mtoto wa nani, kisha akakwama. Swali alilotembea nalo tangu Machakos sasa lilionekana la kitoto.

"Anti, nilikuwa napenda kazi ya baba yako nikiwa mdogo," alisema mwishowe. "Sasa mtoto wangu ameniuliza nani alikuwa anamlipa, nikashindwa kujibu."

Kanini aliweka ungo chini. Alimwangalia kama mtu anayeamua iwapo mgeni huyu anamchezea.

"Hakuna," alisema.

"Hakuna nani?"

"Hakuna mtu alikuwa anamlipa. Baba alikuwa anashona viatu sokoni. Mkebe uliletwa na watu wa hali ya hewa, wakampatia mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu alikuwa anaenda kwao Ijumaa, na mvua hainyeshi kwa ratiba ya shule. Wakauliza nani anakaa karibu. Baba akasema mimi. Kila mwisho wa mwezi alikuwa anatuma kadi Nairobi. Kila Januari walikuwa wanamtumia kadi zingine na barua ya asante."

"Na lile koti?"

Kwa mara ya kwanza Kanini alitabasamu. "Koti alinunua mtumba, Machakos. Hakuna mtu alimwambia avae koti."

Kasyoka alikaa kwenye kigoda alichooneshwa. Koti lile ndilo lililomfanya aamini kuwa kuna ofisi mahali fulani, kuna wakubwa, kuna njia ambayo mtoto akisoma kwa bidii anaweza kuifuata mpaka afike. Kumbe njia haikuwapo. Kulikuwa na fundi viatu mmoja aliyesema mimi.

"Lakini kwa nini alikubali?" aliuliza. "Kila siku, miaka yote hiyo?"

"Hata mimi nilimuuliza. Nilikuwa na hasira siku hiyo, maana alikataa kulala hata siku moja kwa dada yangu, kule Kivaa. Akaniambia, tangu akiwa mtoto wazee walikuwa wanasema zamani mvua ilikuwa nyingi. Alitaka kujua kama ni kweli."

"Na ni kweli?"

"Aliandika miaka thelathini na minne," Kanini alisema. "Akasema bado hajajua."

Kasyoka alicheka, na Kanini naye akacheka. Baada ya hapo mazungumzo yalikwenda yenyewe. Kanini alisema kwamba yeye mwenyewe, akiwa msichana, alitaka kuendesha lori, yale makubwa ya saruji. Hakuna aliyemkataza. Alisubiri tu mtu amwambie pa kuanzia, na hakuna aliyemwambia. Alipopata mashine ya kusaga, alijifunza kuifungua na kuifunga yote, na mafundi wa mjini hawakumwona tena.

"Mashine ni mashine," alisema. "Lakini haitoki hapo ilipo."

Kisha akasimama, akamwambia Kasyoka amfuate nyuma ya nyumba. Kiua cha waya kilikuwa pale pale, waya mpya umeunganishwa na wa zamani. Katikati mkebe wa shaba ulikuwa umezama ardhini hadi karibu nusu, mdomo ukiwa juu ya nyasi zilizokatwa fupi. Kasyoka hakuwa amewahi kuukaribia hivyo. Ulikuwa mdogo kuliko alivyoukumbuka.

"Nani anausoma?"

"Mimi. Nilisema baada ya mazishi nitawaambia watu wa hali ya hewa wauchukue. Lakini mvua ilinyesha wiki hiyo, na nilipoona umejaa nikaona si vizuri kumwaga bila kuandika. Siku hizi natuma kwa simu." Kanini aling'oa jani moja lililokaribia mdomo wa mkebe. "Wiki ijayo naenda Ekalakala. Msichana wangu anajifungua. Siku kumi na nne. Mashine nimepata wa kuishika. Hii ya mkebe sijapata."

Kasyoka alijisikia akisema, kabla hajafikiria duka, wala nauli, wala saa: "Mimi."

Kanini hakushukuru. Aliuliza kama anajua kusoma maji kwenye gilasi. Akaingia ndani, akatoka na gilasi nyembamba yenye mistari, akaitia maji ya mtungi, akampa. Kasyoka aliiinua mpaka usawa wa macho, akasubiri maji yatulie, akasoma pale chini kabisa ambapo maji yamejipinda, si pembeni yalikopanda kwenye kioo.

"Milimita saba nukta mbili."

"Nani alikufunza?"

"Napima dawa za watoto kila siku, anti."

Jumatatu ilibidi amkabili mwajiri wake. Yasin alikuwa mwenye duka la dawa, mtu wa Machakos mjini ambaye babu yake alikuja kutoka pwani kufanya biashara. Alimsikiliza Kasyoka akieleza kwamba kwa wiki mbili atalala kwa mama yake na kufika kazini saa nne na nusu, na atalipia muda huo jioni.

"Mgonjwa?" Yasin aliuliza.

"Hapana. Mvua. Kuna mahali napima mvua."

"Agosti?"

"Hata kama hainyeshi lazima iandikwe."

Yasin alipanga upya maboksi ya dawa ya kikohozi ambayo yalikuwa yamepangika tayari. "Mimi nilitaka kuwa refa," alisema. "Si mchezaji. Refa. Wenzangu wote walitaka kufunga mabao, mimi nilitaka filimbi. Marehemu baba akaniambia, utapigwa mawe." Alisogeza boksi la mwisho. "Sijui kama ningekuwa mzuri. Hilo ndilo huwa nawaza. Nenda, lakini Jumatano uje mapema, kuna mzigo."

"Jumatano pia ni saa tatu, Bwana Yasin."

"Haya, Jumatano pia."

Siku ya kwanza Kasyoka alifika dakika ishirini kabla ya wakati. Wendy alikuja naye, na karatasi yake. Saa tatu kamili Kasyoka aliinua faneli ya mdomoni mwa mkebe, akatoa chupa iliyokuwa ndani, akaipindua juu ya gilasi. Haikutoka hata tone. Akaandika sifuri kwenye kitabu alichoachiwa na Kanini, akatuma sifuri kwa simu, akarudisha kila kitu.

"Ni hayo tu?" Wendy aliuliza.

"Ni hayo tu."

"Imechukua dakika tatu."

Kasyoka mwenyewe alikuwa amengojea kuhisi kitu kikubwa, na hakukihisi. Siku ya pili ilikuwa sifuri. Ya tatu, sifuri. Wendy aliacha kuja siku ya nne. Asubuhi zilikuwa za baridi, mawingu ya chini yamelala juu ya vilima vya Kathiani kana kwamba yatanyesha, kisha saa tano yanaondoka. Lakini kufikia siku ya tano Kasyoka aligundua kwamba anaamka kabla ya simu kumwamsha, anatoka nje, anaangalia juu, anakisia. Akikosea hakujali. Alipenda kule kutembea kuelekea mkebe akiwa bado hajui, na kurudi akijua. Aliwaza kwamba huenda ndicho alichokiona kupitia dirisha, na kwamba koti lilimpotosha tu.

Siku ya saba alichelewa. Mama yake aliteleza kwenye ngazi ya ghala, na ingawa hakuvunjika, Kasyoka hakuweza kumwacha kabla ya kumfunga kifundo cha mguu. Alifika kwenye kiua saa tatu na dakika ishirini na tano. Alisimama na kalamu juu ya safu ya saa. Mstari kwa mstari, kurasa zote za kitabu, kwa mkono wa Nzau na kisha wa Kanini, ilikuwa imeandikwa saa tatu. Hakuna aliyemwona. Tena ilikuwa sifuri. Sifuri ya saa tatu na sifuri ya saa tatu na nusu hazitofautiani. Akaandika dakika zake ishirini na tano, na mkono ukawa mzito kama anayejiandikia kosa shuleni.

Usiku wa kumi na moja ulileta manyunyu. Kasyoka aliyasikia kwenye mabati, mepesi, yakija na kuondoka. Asubuhi alipiga magoti kwenye nyasi zenye maji akiwa na viatu vyake vya kazini, akamimina, akasoma. Nukta nane. Akasoma tena. Akasoma mara ya tatu. Kisha akabaki amepiga magoti, gilasi mkononi, anaangalia maji yaliyotosha kulowesha kidole, ambayo duniani kote ni yeye peke yake aliyejua yalikuwa kiasi gani.

Kanini alirudi Jumapili, na picha za mtoto wa kiume kwenye simu. Walipokwisha kuziangalia zote, alivaa miwani, akavuta kitabu, akashuka na kidole mstari kwa mstari. Kidole kilisimama siku ya kumi na moja.

"Nukta nane. Una hakika?"

"Nilisoma mara tatu."

Kikapanda tena hadi siku ya saba, kikasimama hapo muda mrefu zaidi. Kasyoka alianza kueleza habari za mguu wa mama yake, lakini Kanini hakuwa anasikiliza.

"Siku ya harusi yangu," Kanini alisema, "baba alitoka kwenye kiua saa mbili. Nilimwona kupitia dirisha, nikiwa navalishwa. Kanisani tulifika mapema. Jioni nikafungua kitabu, kimeandikwa saa tatu."

"Ulimwambia ulimwona?"

"Hapana. Nilifurahi sana siku hiyo. Ile saa moja aliiiba kwa ajili yangu, si yake." Alivua miwani. "Lakini huwa najiuliza kama ilinyesha kati ya saa mbili na saa tatu. Sikumbuki. Nilikuwa na mambo mengi."

Kasyoka alivuta kitabu cha zamani kutoka kwenye rundo, akauliza harusi ilikuwa mwaka gani. Kanini akamtajia mwaka na mwezi. Wakainama wote wawili, wakaanza kutafuta ukurasa wa siku ile, na mstari wa kesho yake.