Lori la Mbaé Lililokwenda Kinyume

Tangu atoke Majunga, fundi Saïndou alikuwa haoni baridi wala joto la dunia. Huko ndiko alikojifunza ufundi wa magari, na huko, katika fujo za wenyeji kuwaua watu wa visiwani kwao, ndiko alikozika mke na watoto. Meli ikamleta Moroni pamoja na Mbaé, mtoto wa marehemu kaka yake. Mwaka uliofuata wakaja mamluki wakapindua serikali. Wako waliokimbia, wako walioshangilia, Saïndou akaendelea kukaza nati. Akipewa chai anakunywa, asipopewa haulizi. Kitu kimoja tu kilikuwa bado kinamgusa: Mbaé. Kila jioni, mpaka asikie kandambili za kijana yule mlangoni kwao, mtaa wa Magoudjou, chakula hakikumpita kooni.

Mbaé alikuwa dereva wa lori la jeshi. Lori lenyewe kuukuu, usukani wake uko kulia, na ekseli ya mbele ilikuwa imevunjika. Ekseli pekee iliyopatikana ilitoka kwenye lori la Kifaransa lililokuwa linaoza uwanjani, la usukani wa kushoto. Balaa likaanzia hapo. Mkono wa chuma unaogeuza gurudumu ulikuwa kushoto. Saïndou akauhamishia kulia, ukakaa umetazama nje badala ya ndani. Fimbo inayounganisha mkono huo na usukani ikawa inasukuma pale ilipotakiwa kuvuta. Ukizungusha usukani kulia, lori linakwenda kushoto.

"Kapteni, gari hili linakwenda kinyume," Saïndou alimwambia mamluki aliyesimamia gereji. "Dawa yake ni kuupindua mkono wa juu, ule wa kwenye sanduku la usukani. Lakini lazima nikate bati na nichonge fimbo nyingine. Nipe wiki."

Kapteni akatazama saa. Meli ya kulipeleka lori Mutsamudu, kisiwa cha pili, ilikuwa inapakia.

"Dereva atazoea," akasema.

Na kweli akazoea. Binadamu, jamani, hakuna asichozoea. Kule Mutsamudu siku za mwanzo Mbaé aliendesha taratibu, jasho likimchuruzika, akinamama wa mtaa wa Hombo wakimcheka na kuvuta watoto wao pembeni. Baadaye mikono ikashika. Akawa anapanda na kushuka, anakwenda uwanja wa ndege wa Ouani na kurudi huku akipiga soga kana kwamba magari yote duniani yameumbwa hivyo.

"Baba mdogo, siku nikipewa gari zima nitaliangusha," alitania.

Saïndou, aliyepelekwa pamoja naye kulitazama lori, hakucheka. Kila liliposhuka mteremko alisimama akalitazama mpaka lifike chini. Hofu yake ilikuwa moja: mbuzi akatize, Mbaé ashtuke, mikono irudie mazoea ya zamani. Na akimkosa huyu, ana nani tena?

Mbaé akaomba ruhusa ya wiki nzima kwenda harusini Ouani. Saïndou hakupoteza muda. Akakata bati, akachonga fimbo, akaupindua ule mkono ukatazama juu. Akaliwasha lori mwenyewe, akazunguka nalo uani mwa kambi. Kulia, likaenda kulia. Kushoto, likaenda kushoto. Akazima moto akabaki ameketi pale, na kwa mara ya kwanza tangu Majunga akajisikia furaha. Ilimuuma kidogo, kama mguu uliokufa ganzi ukianza kuamka.

Kisha akafunga kitambaa chekundu kwenye usukani. Gereji zote alizofanyia kazi Majunga, kitambaa kwenye usukani maana yake usiguse mpaka umwone fundi. Akaenda kisimani kujisugua grisi.

Huku nyuma kapteni, aliyevuka nao, akataka mzigo wake kutoka Ouani, upesi. Askari mmoja akaona kioo cha lori kina vumbi, akakifungua kile kitambaa akafutia. Ndipo Mbaé alipoingia langoni, bado na kofia yake ya harusini. Akarukia kiti, akawasha.

Saïndou alisikia ngurumo. Alitoka mbio, sabuni mpaka kwenye viwiko, akiita jina la kijana. Injini ile ilikuwa na kelele. Lango lilitazama moja kwa moja kwenye mteremko, na kona ya kwanza ilikuwa ya kushoto. Mbaé akaikata kama alivyozoea: akazungusha usukani kulia. Lori likaenda kulia, likaingia kwenye ukuta wa mawe.

Walipokwisha kumtoa na kumfunika, kapteni akaja.

"Kimekatika nini?"

Saïndou akalala chini ya lori. Akashika fimbo, akashika mkono, akapapasa nati moja moja. Akatoka akajifuta magoti.

"Hakuna kilichokatika," akasema. "Usukani uko sawa."

Wakazika alasiri. Jioni majirani wa Hombo wakamletea wali. Saïndou akala palepale, akamaliza sahani nzima. Hakuwa na wa kumngoja.