Mtoto Aliyekaa Kitako

Mimi siamini mtu haraka. Kazi ya kusuka ndiyo imenifunza: mteja akikuambia nywele zote ni zake, vuta kidogo kwanza uone. Kwa hivyo siku ile Kalekye, mke wa kaka yangu Tonny, aliporudi kutoka kliniki macho yamemwiva, nilijua pana jambo.

"Mtoto amekaa kitako," alisema. "Kichwa kiko huku juu kwa mbavu. Nimebakisha wiki chache na hajageuka."

Mama yangu, Amolo, alikuwa akichambua omena. Hakuuliza mtoto anacheza au hachezi, wala mama mtu anajisikiaje. Aliuliza, "Nani alimkalisha?"

Hapo ndipo taabu ilipoanzia. Tunaishi Mashimoni, mimi na Mama chumba kimoja, Tonny na mkewe chumba kinachofuata, na kati yetu ni mabati tu. Ukipiga chafya, upande wa pili wanakuambia pole. Wiki nzima nilimsikia Mama akimhoji yule msichana kama askari kanzu. Ulikaa mlangoni? Uliruka kamba ya mbuzi?

"Mbuzi gani hapa Mashimoni, mathe?" Kalekye alimjibu.

"Basi uligombana na Tonny ukalala umempa mgongo. Mtoto husikia, naye hugeuka."

Sikumwamini Mama, lakini hata watu wa hospitali sikuwaamini. Mtaani kwetu wanasema hao wanapenda kupasua watu. Nikafunga kibanda changu cha saluni nikamsindikiza Kalekye kliniki ili nimtazame huyo nesi machoni. Anaitwa Waruguru, mfupi, hana haraka. Alishika tumbo, akauongoza mkono wangu nami nishike: juu, chini ya mbavu, kitu kigumu cha mviringo. Kichwa. Nilishtuka.

"Watoto wengi hukaa hivi miezi ya katikati," alisema. "Halafu wanageuka wenyewe. Wachache wanabaki. Hajafanya kitu mbaya, wala hakuna kitu alifanyiwa."

Picha aliyopigwa hospitali kubwa ilikuwa imeonyesha kwamba mfuko wa uzazi wa Kalekye umebonyea juu katikati, na maji yaliyomzunguka mtoto ni machache. Daktari alikuwa ameona kumgeuza hakutafaa. Angepasuliwa Alhamisi ya wiki iliyofuata.

"Na chupa ya maji ya mtoto ikivunjika kabla ya hiyo siku, msingoje," Waruguru alisema. "Kitovu kinaweza kutangulia mtoto akose hewa. Mkuje mbio. Na asikandwe na mtu yeyote."

Nikamshika hapo hapo. "Kwani daktari huwageuza na nini? Si ni mikono tu?"

"Ni mikono. Lakini anaangalia kwa mashine, anasikiza moyo wa mtoto, na chumba cha upasuaji kiko hapo kando. Anayekanda mtaani haoni kitu. Akisukuma vibaya, kondo la nyuma linabanduka, mama anavuja damu ndani na hakuna mtu anajua."

Nilirudi nimeridhika nusu. Mama hakuridhika hata robo. "Hiyo mashine imeona mfuko umebonyea," alisema. "Haijaona nani aliubonyeza."

Kufikia hapo alikuwa tayari na jina. Kalekye ni Mkamba, kwao ni Kitui, na kwa Mama yangu Mkamba yeyote ana kamuti mahali, ule uchawi unaosimuliwa kila ploti Nairobi na hakuna aliyewahi kuuona. Hata muuza matunda Mkamba akimwongeza ndizi moja, Mama huigeuza mara mbili. Sasa alimshuku Kaveke, mamake Kalekye, anayeuza vikapu Kawangware. Eti hakutaka bintiye aolewe na Mjaluo, na hii ndiyo njia yake ya kumrudisha nyumbani. Nilicheka mara ya kwanza. Mara ya tano sikucheka, kwa sababu uvumi ukirudiwa vya kutosha huanza kusikika kama habari.

Jumanne, siku mbili kabla ya upasuaji, Kaveke alikuja.

Ili uelewe uzito wake, jua hivi. Kwetu na kwao pia, mama mkwe na mume wa bintiye hukaa mbalimbali kwa heshima, na kitanda cha mkwe wako hukisogelei. Chumba cha Tonny ni kimoja, kitanda kiko nyuma ya pazia, kwa hivyo tangu harusi Kaveke hajawahi kuvuka kizingiti. Akija husimama pale kwenye kibanda cha maji, anamtuma mtu amwite bintiye, wanaongea wakiwa wamesimama. Siku hiyo alipita kibanda cha maji bila salamu. Aliingia, akainua pazia, akafungasha nguo za Kalekye na karatasi zake za kliniki, akaondoka naye. Mimi nilikuwa kazini, Mama hakuwepo. Tuliambiwa na Nalianya, mwenye maji, na alivyosimulia ungedhani ameona benki ikivunjwa.

Simu ya Kalekye ilikuwa imezimwa.

"Mwanamke anayeinua pazia la mkwe wake hajaja kwa wema," Mama alisema.

Naapa, nilimwamini. Mwiko wa namna hiyo mtu hauvunji hivi hivi. Lakini kulikuwa na kitu kingine kilichonikera. Mama alikuwa amerudi kutoka upande wa Soweto West jioni hiyo akinuka mafuta ya kukandia, na nilipomuuliza ametoka wapi alisema kanisani. Jumanne hakuna kanisa.

Kesho yake asubuhi tukaenda Kawangware, mimi, Mama na Tonny. Chumba cha Kaveke kiko ndani kabisa ya ploti, nyuma ya mafundi wa viti. Tonny alibaki na mafundi, maana kwa mama mkwe haendi akajibwaga tu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Harufu ya kitu kilichoungua ilikuwa ikitoka chini yake, na sauti ya mtu anayeguna.

Mama alinifinya mkono. "Unasikia? Anamfanyia."

Akaanza kuupiga mlango. "Toa mtoto wetu! Mama Kalekye, toa mtoto wetu!"

Kisha sauti ya Kaveke, karibu sana, kama aliyeegemea mlango kwa mgongo. "Mko na Kavetsa?"

"Kavetsa gani?" niliuliza.

Nikamgeukia Mama, naye akawa anatazama viatu vyake. Kavetsa ni mwanamke wa Soweto West anayekanda matumbo ya wajawazito. Ndipo harufu ya mafuta ikanirudia, na ile Jumanne ya kanisani.

"Mama. Ulimuita?"

"Kumgeuza tu," alisema. "Wengi amewageuza. Nilitaka wasimpasue."

Kaveke alizungumza kwa ndani bila kupaza sauti. "Binti yangu alikusikia kwa mabati ukipanga. Akanipigia simu analia. Wangu wa kwanza alikaa hivyo hivyo, kule Kitui. Mama ya bwanangu akaleta mwanamke wa kukanda. Alinikanda asubuhi mpaka mchana. Mtoto hakugeuka, alikufa. Huyu hamtamshika. Nitakaa hapa mpaka kesho nimpeleke mwenyewe."

Nilihisi aibu ikinipanda kutoka miguuni. Mwanamke tuliyemwita mchawi wiki nzima alikuwa amevunja mwiko ili kumwokoa bintiye na sisi. Harufu ile ya kuungua, nilikuja kujua, ilikuwa ya uji alioupa kisogo ili alinde mlango.

Kisha tukamsikia Kalekye. "Mami. Maji yametoka. Mami, yametoka mengi."

"Fungua!" nilipiga kelele. "Nesi alisema tusingoje! Kitovu kinaweza kutangulia!"

"Mtampeleka kwa Kavetsa."

"Tutampeleka hospitali!"

"Hata mama ya bwanangu alisema ananipeleka hospitali."

Hakufungua. Nami sikuweza kumlaumu, kwa sababu ningekuwa yeye, nisingefungua. Niliomba, nikapiga mlango, nikaapa kwa kila kitu ninachokijua, na kila nilivyoapa ndivyo nilivyosikika mwongo zaidi. Ndani Kalekye alikuwa analia sasa, waziwazi. Mafundi walikuwa wameacha nyundo.

Nilimshika Mama mabega. Sijawahi kumshika mama yangu hivyo. "Ni wewe tu anakuogopa. Ongea."

Mama alipiga magoti pale kwenye saruji, mdomo kwenye ufa wa mlango. "Mama Kalekye, ni mimi Amolo. Kavetsa nilimuita mimi. Nilikuita mchawi pia, wakati wewe haupo. Sikukuja naye leo. Huyo mtoto akifa hapa, atakuwa amekufa mikononi mwangu, si mwako. Nakuomba. Tumpeleke kwa madaktari."

Kitasa kilizunguka.

Tonny alitupita kama hatuoni. Aliingia chumba cha mama mkwe wake, akafika hadi kitandani, akambeba mkewe, na Kaveke akamsogezea blanketi bila kujifunika uso mbele ya mkwe. Hakuna aliyesema neno kuhusu mwiko. Fundi mmoja alikuwa na rafiki mwenye gari barabarani. Kalekye alilala kiti cha nyuma, makalio yameinuliwa juu ya mapaja yetu, na mama hao wawili, waliokuwa hawajawahi kukaa benchi moja, walimshikilia kutoka pande mbili.

Hospitali hawakuuliza maswali mengi. Daktari, msichana mdogo mwenye miwani, alivaa glavu, akapima, akasema kitovu hakijatangulia lakini hawangoji kesho. Kitanda kikasukumwa mbio, milango ikajifunga. Tuliketi. Tonny alikuwa anatembea ukuta hadi ukuta hadi mlinzi akamwomba apunguze.

Ni msichana. Alilia kabla hatujaambiwa chochote, na hivyo ndivyo tulivyojua. Walipotuletea, miguu yake ilikuwa imekunjwa juu, nyayo karibu na masikio, vile alivyokuwa amezoea kukaa tumboni. Ukiishusha, inarudi. Mama yangu akavuta pumzi na nikaona swali lake la zamani likija mdomoni, nikamkanyaga mguu.

"Itanyooka baada ya siku chache," daktari alisema. "Tutamwangalia nyonga pia, tuhakikishe."

Kaveke hakuwa anamwangalia mtoto. Alikuwa anamwangalia daktari, mikono ameishikanisha. "Daktari, ni nini hufanya wakae hivyo?"

"Kwa huyu, naona ni umbo la mfuko wa uzazi. Mama yake alizaliwa nalo. Mara nyingine ni maji, au mahali kondo limekaa. Mara nyingi hatupati sababu yoyote. Mtoto amekaa hivyo tu."

"Si mtu?"

"Si mtu, mama."

"Si mama yake amekosea kitu?"

"Hapana."

Kaveke alitikisa kichwa polepole. "Kwa sababu waliniambia ni mimi. Walinirudisha kwetu siku ya tatu, na maziwa bado yanatoka. Walisema nimekalia mtoto wao."

Daktari alimshika mkono. Alisema maneno mazuri, sikuyashika yote. Mimi nilikuwa namtazama Mama. Alikuwa ameinama na analia, na Mama yangu halii mbele ya watu. Alisogea kwenye benchi mpaka bega lake likagusa la Kaveke.

"Alikuwa mvulana?" aliuliza.

"Mvulana."

"Mlimpa jina?"

Kaveke alimgeukia. "Wao hawakumpa. Mimi nilimwita Makau, kwa roho tu. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza."