Mkono wa Mbuzi

Wangari alikubali safari ya Armenia kwa sababu moja tu, nayo ilikuwa Jotham. Mkataba wake wa kufua mashuka kwenye hoteli ya Garhoud, Dubai, ulikuwa unakwisha, na madam, msimamizi wake, alitaka jibu Wangari akirudi: anatia saini miaka miwili mingine, au anarejea Nyahururu kwa binti yake? Jotham, mlinzi wa jengo kule Al Nahda, alikuwa amekula chakula cha Wangari jioni nyingi na kumwita mpenzi, lakini habari ya ndoa haijawahi kumtoka kinywani. Akinitaka, Wangari alijiambia, nitabaki.

Basi wakapanda ndege na wenzao wa kanisani, wakapelekwa kwa gari mpaka monasteri moja iliyojengwa juu kabisa mlimani, utadhani waliojenga walikuwa wanamkimbia mtu. Ndani mlikuwa na giza na mishumaa. Wangari aliomba bila kujua vizuri anaomba nini. Aombe abaki? Aombe aende? Baridi ikamkatizia maombi, akatoka.

Nje Wakenya walikuwa wameshafanya yao. Mwenyeji aliwaletea kondoo, wakamkataa katakata, wakatafuta mbuzi kijijini. Sasa nyama ilikuwa juu ya makaa na Jotham ndiye mwenye kisu. Akakata mkono wa mbele, mzima na bega lake, akauweka kwenye sahani, akawapita watu wote, akamkabidhi Wangari.

Dancan na Wakikuyu wenzake wa kanisani wakageuka kumtazama Wangari, Mkikuyu mwenzao. Kisha Phyllis, mmoja wao, akapiga vigelegele. Kwa Wakikuyu, mwanamume akikukatia mkono wa mbuzi mbele za watu, nawe ukala, umeolewa. Lakini Jotham ni Mluhya wa Kakamega. Je, alijua? Kama hajui, mbona kawaruka wote hao? Kama anajua, mbona anatabasamu kama mtu anayegawa chai? Wangari alishika sahani huku furaha na hofu zikimvuta huku na huku, akashindwa kujua ale au asile.

"Si ukule," Jotham akasema. "Itapoa."

"Jotham, unajua hii ni nini?"

"Ni nyama. Dancan aliniambia huko kwenu mnapenda hiyo part."

Dancan akajifanya anachochea makaa. Phyllis ndiye aliyemweleza Jotham, polepole, maana ya mkono ule. Wangari alimtazama usoni muda wote. Alingoja acheke, aone haya, aseme basi na iwe hivyo. Chochote kingemtosha.

Jotham akanyoosha mkono, akaichukua sahani.

"Ai, pole. Hebu nikukatie ingine."

Akamletea ubavu. Wangari aliula kwa sababu njaa ilikuwa ya kweli, nao ulikuwa mtamu, na utamu wenyewe ukamuudhi.

Walipotua Dubai, kabla hata mabegi hayajatoka, alimwandikia madam kwamba hatatia saini. Jotham akaichungulia simu.

"Unaenda home? Kwani nimekukosea nini, Wangari?"

Alimgeukia akiwa na jibu kali tayari mdomoni. Lakini alipoona macho yake, akaelewa kwamba mwanamume huyu anauliza kweli, hajui. Begi lake lilipotoka, akalichukua, akaenda kupanga foleni ya teksi.